Maji ya Kukalia

Saa moja na robo asubuhi nilikaa kwenye beseni, na kabla sijamaliza kukaa nilikuwa nimeshasimama.

Sikupiga kelele. Sauti ilikataa kutoka. Kilichotoka ni pumzi, na maji yaliyoruka hadi kwenye mabuti ya mpira ya mama mkwe wangu.

"Vipi tena?" akauliza.

"Moto, Mama."

"Moto gani? Ya uvuguvugu haya." Akainama, akazamisha mkono ndani ya beseni, akauacha humo huku akinitazama kama mtu anayesubiri mtoto amalize deko lake. "Ona. Uvuguvugu kabisa."

Mkono ulikaa majini. Uso wake haukukunjika.

Wewe uliyeikosa sehemu ya wiki iliyopita ya kisa hiki, shika haya tu. Mimi ni mkaguzi wa mizani. Huingia madukani kuhakikisha kilo ya muuzaji ni kilo kweli. Nilijifungua mtoto wa kike, nikachanika, nikashonwa. Mume wangu ni fundi wa minara ya simu. Aliitwa kazini mbali kabla mshono haujakauka, akaniacha kwa mama yake. Mama yake ni dobi. Uani kwake kuna kamba za shuka, pipa la kuchemshia nguo, na meza ya kupigia pasi anakosimama wifi yangu, ambaye mtaa mzima humwita Pasi kwa sababu ya ulimi wake. Niliishia pale mimi na mama mkwe tulipogombana juu ya majani ya mpera.

Ugomvi ule uliisha kwa makubaliano. Mtoto namwogesha mimi. Maji yangu ya kukalia, yakiwa ya majani, anaandaa yeye.

Nilitaka mambo matatu tu: mshono upone, nisirudishwe kulazwa, mtoto asitoke mikononi mwangu.

Mkunga aliyenishona, ambaye sote tulimwita Sista, alikuwa amelieleza suala hili vizuri. Mama mkwe alitaka amsikie kwa masikio yake mwenyewe, nikampigia simu mbele yake na kuweka sauti ya juu.

"Kukalia maji kunasaidia," Sista alisema. "Maumivu hupungua, uvimbe hushuka. Lakini kinachofanya kazi hiyo ni uvuguvugu wa maji. Hayo majani sijaona ushahidi wa kutosha kuyasifia."

"Maji matupu ni ya kuoshea vyombo," mama mkwe akajibu.

"Mama, sikukatazi. Nasema subirini kwanza mshono ufunge, niutazame kwa macho. Nikiridhika, tumieni jani moja mnalolijua, si mchanganyiko. Lioshwe, lichemshwe, lichujwe kwa kitambaa safi, liachwe lipoe lenyewe. Maji mapya kila mara, ya jana yamwagwe. Beseni liwe lake peke yake, lisifuliwe nguo humo. Msitie sabuni, msitie dawa ya kuulia vijidudu, wala magadi. Asijifukize mvuke, wala asiingize kitu chochote ndani. Akae robo saa, atoke, ajikaushe kwa kugusagusa, asisugue."

"Amemaliza?" mama mkwe akaniuliza mimi, si Sista.

"Bado," Sista akasema. "Akiwashwa, akitoa harufu mbaya, usaha au homa, aache siku hiyo hiyo aje kwangu. Na maji yapimwe. Digrii thelathini na saba, thelathini na nane. Yasivuke arobaini."

"Shuka za hoteli ninazozifua hazina masharti hayo," mama mkwe akasema. "Na hoteli ina nyota."

Tulicheka, hata Sista.

Tangu hapo nilikalia maji matupu niliyoyapima mwenyewe kwa kipimajoto cha mtoto, na yalinisaidia. Nililala vizuri. Nilikaa kwenye kiti kama watu. Kisha Sista akautazama mshono, akasema umefunga vizuri, na kama bado nataka majani, basi ruksa. Mimi sikuyataka hata kidogo. Aliyeyataka ni mama mkwe, na niliona hayatadhuru.

Asubuhi hiyo ndiyo ilikuwa ya kwanza ya majani.

Sasa nakiri. Kipimajoto kilikuwa mfukoni mwa gauni langu. Nilikihisi kikigonga paja, na sikukitoa. Mama mkwe alikuwa ameamka kabla ya wote, akachuma majani mwenyewe, akayaosha, akayachuja kwa kitambaa cheupe alichokichemsha na kukipiga pasi. Beseni lilikuwa jipya, bado lina karatasi ya dukani. Alifuata kila neno la Sista, isipokuwa kipimo. Aliingiza mkono tu, akasema, "Tayari, mwanangu." Ningetoa kipimo pale, ingekuwa namkagua.

Mimi ninayewaambia wauza nyama kila wiki kwamba mkono si mizani, nilikalia maji kwa sababu mkono wa mtu ulisema yako sawa.

Nilikitoa baadaye, nikiwa nimeegemea ukuta wa bafu. Kilisoma hamsini na moja.

Pasi akachungulia mlangoni, shati la mteja likiwa begani. "Kha! Wifi, hayo ni maji ya kukalia au ya kurukia?"

"Yamemuunguza," mama mkwe akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipungua uhakika. "Anasema yamemuunguza."

"Wasomi na ngozi zao," Pasi akasema, akarudi kwenye meza yake.

Mama mkwe akautoa mkono majini. Ulikuwa mwekundu hadi juu ya kifundo, umekatwa na mstari pale maji yalipoishia, kama amevaa glavu. Kwenye kidole gumba chake kulikuwa na kidonda chenye ncha, umbo la pua ya pasi. Kilikuwa kimeanza kukauka pembeni.

"Mama, hicho kilikupata lini?"

"Kitu gani?"

Nikamwonyesha. Akakitazama kidole chake kana kwamba amekiokota njiani.

Nilijimwagia maji ya bomba muda mrefu, taratibu, kwa kopo. Hilo nililijua: jeraha la moto hupozwa kwa maji safi ya baridi ya kawaida, basi. Mama mkwe alikuja na kopo la mafuta.

"Nikupake, mwanangu. Yatavuta moto."

"Hapana, Mama. Mafuta yanaufungia humo humo."

"Basi dawa ya meno. Ina ubaridi."

"Hapana, Mama."

"Basi nikufanyie nini?"

Niliendelea kujimwagia maji. Alibaki amesimama na kopo lake, maji yakipita kati ya mabuti yake.

Nilijilaza kitandani kwa ubavu. Mtoto alikuwa amelala pembeni yangu, ngumi mbili juu ya uso kama bondia aliyechoka. Mezani kulikuwa na chupa ya chai yenye maji ya moto, na jagi la maji ya kunywa.

Ningeweza kuuliza maswali mengi. Niliona jaribio moja lingetosha.

"Mama, kaa hapa. Fumba macho."

"Unataka kuniibia?"

"Fumba tu."

Akafumba, akitabasamu. Nilijaza kikombe kimoja kwa maji ya chupa na kingine kwa maji ya jagi, vyote vya bati, nikamwekea kimoja kila kiganja.

"Kipi cha moto?"

Tabasamu lilibaki pale lilipokuwa, lakini lilikuwa halina mwenyewe tena. Vidole vyake vilizunguka vikombe, vikabana, vikalegea. Nikasikia pasi ya wifi yangu ikifoka mvuke nje.

"Hiki," akasema. Kilikuwa cha maji ya jagi.

"Jaribu tena."

Hakujaribu. Alifumbua macho, akaviinamia vikombe, akatazama kipi kinatoa mvuke. Nikaelewa amekuwa akipimaje siku zote hizi.

"Tangu lini, Mama?"

Akaviweka vikombe mezani taratibu sana, kama mtu anayeogopa kumwaga.

"Vidole vilianza kuwa kama vimelala. Nikasema ni ubaridi wa maji, vitaamka. Havikuamka."

"Umemwona daktari?"

"Daktari ataniambia niache kufua. Hilo hata jirani yangu anaweza kuniambia bure."

"Inaweza kuwa ugonjwa unaotibika. Inaweza kuwa sukari. Inapimwa."

"Inaweza, inaweza." Akafuta viganja kwenye aproni, ingawa vilikuwa vikavu. "Maji nayaona kwa mvuke. Pasi naisikiliza sauti. Sijaunguza shati la mtu hata moja. Leo bafuni ulifunga dirisha, taa yenyewe ile imekufa nusu, sikuona mvuke. Ndiyo hivyo."

"Ndiyo hivyo" yake ilikuwa ndiyo samahani. Nilimjua kiasi cha kutosha kuitambua.

Kisha akasogea karibu. "Pasi asijue."

"Mama, ni mwanao."

"Ni mwanangu, ndiyo maana najua. Jambo likimfikia yeye limeshafika hotelini. Na mwenye hoteli akisikia dobi wake mikono imekufa, shuka zake zitafuliwa kwingine. Tutakula nini humu ndani? Huyo mumeo anakula huko huko minarani." Akanishika mkono. Alibana kupita kiasi, hakujua anabana. "Niahidi, mkwe wangu."

"Nimekusikia, Mama."

"Sikukuuliza kama umesikia."

"Nimekusikia," nikarudia.

Tulitazamana. Alikuwa si mjinga. Alijua sijaahidi, na nilijua kwamba anajua. Akatoka.

Nilijitazama kwa kioo cha mkononi. Malengelenge yalikuwa yametoka pande zote za mshono, na moja lilikaa juu ya mshono wenyewe. Nilimpigia Sista, nikamsomea nilichokiona bila kuongeza wala kupunguza.

"Njoo leo," akasema. "Usipasue lengelenge. Usipake kitu. Usikalie maji tena, ya majani wala matupu, mpaka nikuone. Mshono ukiachia pale, ni kurudi chumba cha upasuaji."

"Na mtoto?"

"Njoo naye. Kama nitakulaza, nitataka anyonye."

Pasi akaagiza gari la kukodi. Mwenye gari akajibu kwamba yuko na abiria, atafika akishawashusha. Tukakubaliana kusubiri, kwa kuwa hapakuwa na gari jingine la kukubaliana nalo.

Nilijaribu kusimama nivae. Chumba kikainama upande, na kitambaa nilichojifunga kikapata doa la damu mbichi. Nikarudi kwa ubavu. Kuanzia hapo kila nilichokitaka kilibidi kipitie miguu ya mtu mwingine.

Pasi akaingia na nguo za mtoto, zimenyooshwa hadi mikunjo ya soksi.

"Wifi, mtoto hajaogeshwa."

"Leo mfuteni tu kwa kitambaa."

"Mfuteni! Mtoto wa nyumba hii atoke nje ananuka maziwa? Watu waseme hapa ni kwa dobi au bandani kwa ng'ombe?"

"Basi mwogeshe wewe."

"Mimi?" Alirudi nyuma hatua nzima. "Mimi na hicho kichwa kinacholegea? Thubutu! Mimi nitamwogesha akianza kusema mwenyewe 'shangazi, hapo basi'. Mama atamwogesha."

"Hapana."

"Hapana nini?"

Nilikuwa na ukweli mzima mdomoni. Nikatoa nusu yake. "Mama amechoka. Kama ni lazima, yapimwe kwa kipimajoto."

"Wifi," akasema kwa upole wa kumwambia mgonjwa, "hiyo mizani imekupanda kichwani. Mama ameogesha watoto kabla hicho kipimajoto hakijazaliwa." Akaenda zake.

Nilihesabu watu niliokuwa nao wa kunisaidia. Sista yuko kliniki. Gari liko njiani na watu wengine. Jirani simjui jina. Nikampigia mume wangu.

Alipokea akiwa juu ya mnara, nilisikia upepo.

"Mama mtoto! Mko salama?"

"Sikiliza bila kukatiza. Nimeungua kwa maji ya kukalia. Naenda kliniki. Mama yako anataka kumwogesha mtoto. Mwambie asimwogeshe."

"Umeungua? Umeungua vipi?"

"Aliandaa maji, yakawa ya moto mno. Mama yako hahisi joto mikononi. Nimempima. Hahisi."

Upepo ulipita kati yetu.

"Mama?" Akacheka, si kwa dharau, kwa kushindwa kuamini. "Yule anayejua nikiwa na homa kabla sijaingia ndani? Mke wangu, umeshtuka tu, una maumivu—"

"Nimempima kwa vikombe viwili. Alikosea."

"Vikombe?"

"Mwambie tu kwamba mimi nimekataa mtoto aogeshwe leo. Usitaje mikono. Umenielewa? Usitaje mikono."

"Ngoja nimpigie."

"Usitaje—"

Alikuwa ameshakata.

Nasema nilichokisikia, kwa mpangilio wake. Kwanza mlango wa gari uani, nikadhani ni gari letu. Halafu sauti ya mwanamume ikisalimu, ikiuliza kama shuka ziko tayari. Alikuwa yule mtu wa hoteli anayekuja kuchukua mizigo. Halafu simu ya mama mkwe ikaita.

Mama mkwe huwa haweki simu sikioni. Mikono yake ina povu siku nzima, hivyo huibonyeza kwa kiwiko pale mezani, ikazungumza kwa sauti ya juu. Mimi niliishi nyumba hiyo. Nililijua hilo. Sikulikumbuka nilipompigia mwanawe.

"Mama," sauti ya mume wangu ikasema, kubwa, ikajaa uani kote, "eti ni kweli mikono yako haihisi tena joto?"

Pasi ya wifi yangu ikaacha kusugua.

"Nani kakwambia?" mama mkwe akauliza.

"Mke wangu. Anasema amekupima kwa vikombe. Mimi nimemwambia haiwezekani. Niambie tu mwenyewe, Mama, nimtulize."

Maji ya pipa yalikuwa yanachemka. Hayo niliyasikia vizuri.

"Mikono yangu ni mizima," akasema. "Fanya kazi yako, usije ukaanguka."

Yule mtu wa hoteli akakohoa. "Kuna tatizo, Mama?"

"Hakuna tatizo. Mkwe wangu ni mgonjwa, anaweweseka. Shuka zako zile pale."

Akaja chumbani. Hakufunga mlango nyuma yake.

"Jambo moja," akasema. "Nilikuomba jambo moja, mkwe wangu."

"Nilimwambia mwanao, Mama. Sikumwambia Pasi."

"Sasa amejua Pasi, na mwenye shuka naye amejua. Yuko pale nje, ananitazama vidole. Unajua jioni hii atasema nini kwa bosi wake?"

"Mama, tutalizungumza. Nitakupeleka mwenyewe kwa daktari, tutapimwa wote wawili. Lakini mtoto—"

"Mtoto nitamwogesha mimi. Hapo uani. Mbele yao."

"Mama, tafadhali."

"Wamwone mwanamke aliyekufa mikono anavyoogesha mjukuu."

Akainama kumchukua. Nilishika kitambaa alichofungwa mtoto. Yeye akashika mtoto. Kwa muda mfupi tulikuwa tumemshika wote, naye akafumbua macho, akatutazama bila kumchagua yeyote.

Sikuvuta. Mtoto havutwi.

Nikaachia.

Mlangoni alimpa Pasi, aliyekuwa amesimama pale, mdomo wazi na hana la kusema, jambo ambalo sikuwahi kuliona. "Mvue nguo," akamwambia. "Mimi naandaa maji." Akatoka.

"Wifi," nikasema. "Njoo. Haraka."

Akaja.

"Ni kweli?" akanong'ona.

"Ni kweli."

"Mama yangu?"

"Tazama kidole gumba chake. Ameungua kwa pasi yako na hajui lini."

Macho yake yakaenda dirishani, yakarudi. Nikamwekea kipimajoto kiganjani na kumkunjia vidole juu yake.

"Kitie kwenye maji. Subiri namba isimame. Ikiwa thelathini na saba, sawa. Ikizidi arobaini, usimpe. Hata akikulaani, usimpe. Unasoma namba?"

"Nasoma namba za pasi kila siku, wifi. Mimi si mjinga." Hakuwa anatania. Akakibana kipimajoto, akamweka mtoto vizuri kifuani, akatoka.

Nilijiburuta. Kutoka kitandani hadi dirishani si mbali kwa mtu mzima. Nilikwenda kwa magoti, mkono mmoja ukiwa umebana kitambaa, nikahisi kitu kinaachia chini, kidogo, kama kifungo cha shati. Niliacha kukifikiria. Nikashika ukingo wa dirisha na kuinua kichwa.

Niliona yafuatayo.

Beseni la mtoto lilikuwa juu ya benchi. Nyuma yake, pipa la kuchemshia shuka lilikuwa motoni. Mvuke ulikuwa unapanda. Kutoka pale nilipokuwa sikuweza kuthibitisha kama ulitoka kwenye pipa peke yake au kwenye vyote viwili.

Yule mtu wa hoteli alikuwa amesimama na furushi lake la shuka mikononi. Alikuwa ameshapakia mengine yote. Hilo moja alilishika tu, apate sababu ya kuwapo.

Mama mkwe akamimina kopo la maji kutoka kwenye pipa. Akamimina jingine kutoka kwenye ndoo. La tatu sikuona limetoka wapi, kwa sababu shuka lililoanikwa lilipeperuka katikati.

Pasi akafika na mtoto akiwa uchi ndani ya taulo. Akaunyoosha mkono wenye kipimajoto kuelekea beseni.

"Hicho nini?" mama mkwe akauliza.

"Kipimo cha wifi. Nitie tu mara moja, Mama, tumtulize."

"Lete."

"Mama, mara moja tu—"

"Lete hapa."

Alikichukua na kukitia mfukoni mwa aproni. Akamgeukia yule mtu wa hoteli na kucheka. "Wasomi hawa! Kesho watapima na uji."

Yule mtu akacheka pia, kifupi, akiendelea kutazama mikono ya mama mkwe.

Nikapiga kelele. Sauti iliyonikataa bafuni ilikubali sasa. "Pasi! Tia mkono wako! Wako! Tia mkono wako kwanza!"

Wote watatu wakageukia dirisha. Nadhani walichokiona ni mwanamke aliyeshika nondo za dirisha, nywele zimesimama, nguo ina damu.

"Si nilikwambia anaweweseka," mama mkwe akamwambia mtu wa hoteli, kwa huzuni ya kweli. Akatumbukiza mkono kwenye beseni. Akauacha humo. Uso wake haukukunjika.

"Uvuguvugu," akasema.

Akaukung'uta mkono, akanyoosha yote miwili.

Pasi alinitazama mimi. Akamtazama mama yake. Kisha akamtazama yule mtu wa hoteli aliyeshika shuka, na hapo ndipo macho yake yalipokaa.

Akafungua taulo, akampa mama yake mtoto.